Kutoka Uzuri hadi Haki: Uhakiki wa Kivumishi "Fair" na Visawe Vyake katika Kiswahili cha Sheria na Utawala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna kivumishi cha Kiingereza "fair" kinavyotafsiriwa kwa Kiswahili katika matini za sheria na utawala. Yanaonyesha kwamba neno hilo, ambalo chimbuko lake ni uzuri wa kutazamwa, lilifikia maana ya uadilifu kwa kusimamishwa dhidi ya kinyume chake. Yanaonyesha pia kwamba neno "haki", ambalo ndilo kisawe chake cha kawaida, hulipokea likiwa tayari limebeba mizigo mingine. Badala ya kutafuta kisawe kimoja cha kudumu, makala yanapendekeza kwamba mfasiri aanzie kwenye ubaya ambao kivumishi hicho kimewekwa kuuzuia.

1. Ibara moja, vielezi viwili

Ibara ya 42 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila mtu anayefika mbele ya ofisa au chombo cha utawala haki ya kutendewa kwa namna mbili, ambazo Kiingereza kinazitaja kwa vielezi vilivyofuatana: "justly" na "fairly". Kwa msomaji wa Kiingereza jozi hiyo inapita bila kukwaruza. Kwa mfasiri wa Kiswahili ni mtego. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa tafsiri ibara hiyo kama zoezi la nusu saa. Wengi waliandika "kwa haki", wakasita, kisha wakakiacha kielezi cha pili kana kwamba hakikuwepo. Wachache waliandika "kwa haki na usawa". Mmoja, ambaye sarufi yake ya Kiingereza ilikuwa nzuri kuliko ya wenzake, aliandika "kwa haki na kwa kiasi", kwa kuwa alikumbuka kwamba "fairly" hutumika kupima jambo lisilo kubwa wala dogo. Darasa lilicheka. Mimi sikuona sababu ya kucheka sana, kwa maana mwanafunzi huyo alikuwa ametambua jambo ambalo wengine walilifunika kwa ukimya: kwamba maneno ni mawili, na kwamba la pili lina historia inayolifanya lielekee upande usiotarajiwa.

Suala hili limetoka darasani siku nyingi. Uganda imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania, kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, na Umoja wa Afrika ulikipokea kama lugha ya kazi mwaka 2022. Maana yake ni kwamba matini nyingi zilizofikiriwa na kuandikwa kwa Kiingereza zinahitaji mwili wa Kiswahili, na raia atakayesimama mbele ya ofisa wa ardhi au wa kodi atadai kile ambacho Kiswahili cha matini hizo kimempa. Kivumishi kilichodondoshwa njiani hakidaiwi.

2. Safari ya neno

Katika Kiingereza cha kale neno hilo lilikuwa "fæger", na maana yake ilikuwa uzuri wa kitu kinachopendeza macho. Ndugu yake wa Kinorse cha kale, "fagr", alikuwa na maana hiyohiyo. Katika Kigothi, lugha ya Kijerumaniki iliyohifadhiwa zaidi katika tafsiri ya Biblia ya karne ya 4, "fagrs" ina maana ya kitu kinachofaa, kinachostahili mahali pake. Si rahisi kuthibitisha ni maana ipi iliyotangulia, ila ukaribu wa mawazo hayo mawili haumshangazi msemaji wa Kiswahili. Sisi pia husema jambo "linapendeza" tukiwa na maana kwamba linafaa, na mzee anaposema "haipendezi" hazungumzii sura.

Kutoka kwenye uzuri, neno liliingia kwenye usafi: kisichokuwa na doa, kisichokuwa na mawaa. Hapa ndipo kinyume chake kilipoanza kufanya kazi kubwa kuliko neno lenyewe. Kinyume hicho ni "foul", yaani kilichooza, kinachonuka. Maneno haya mawili yalitembea pamoja kwa karne nyingi kama mchana na usiku. Shakespeare aliyachezea waziwazi kupitia vinywa vya wachawi katika tamthilia ya Macbeth. Mwenendo uliokuwa "fair" ulikuwa mwenendo usiochafuliwa na hila. Kufikia karne ya 14 tayari neno lilikuwa na maana ya kutokuwa na upendeleo. Samuel Johnson alipoliorodhesha katika kamusi yake ya 1755, maana zake zilikuwa zimeenea kutoka uso wa binadamu hadi anga lisilo na mawingu, hadi upepo unaowafaa mabaharia, hadi mwamuzi mnyofu. Na baadhi ya maana hizo alizifafanua kwa kueleza kile ambacho neno hilo silo.

Tawi jingine lilichipuka katika karne ya 16. Neno lilianza kutumika kwa ngozi na nywele zenye rangi nyepesi, na kwa kuwa lilikuwa bado na maana ya uzuri, mambo hayo mawili yakashonwa pamoja: aliye mzuri ni mweupe, aliye mweupe ni mzuri. Mshono huo uliingia katika ushairi wa zama hizo, na Shakespeare katika baadhi ya soneti zake aliugeuza na kuuliza kama weusi hauwezi kuurithi uzuri. Karne nne baadaye ulikuwa bado unauza bidhaa. Krimu ya Fair & Lovely, iliyoanza kuuzwa India mwaka 1975, ilibadilishwa jina mwaka 2020 kwa sababu kampuni yenyewe ilikiri kwamba neno la kwanza halikuwa tena la kutetewa. Wasomaji wanaoujua mkorogo na madhara yake katika miji yetu hawahitaji maelezo zaidi.

Kiswahili hakikushona mshono huo kwa namna ileile. Mtu wa rangi nyepesi ni mweupe, au ni wa maji ya kunde, na sifa hiyo haimfanyi kuwa mwadilifu. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Tunasema "moyo mweupe" kwa mtu asiye na hila, na sumu ya mkorogo haikusubiri ruhusa ya Kiingereza.

Tukumbuke pia kwamba "fair" ya maonyesho ya biashara si neno hili. Hiyo ilitoka katika Kilatini "feria", siku ya mapumziko, kwa njia ya Kifaransa. Kufanana kwao ni ajali ya sauti.

3. Mzigo wa "haki"

Kamusi za Kiingereza na Kiswahili, kuanzia ile ya Madan ya 1894, hadi ile ya Kamati ya Lugha iliyosimamiwa na Frederick Johnson mwaka 1939, hadi ile ya TUKI ya 1996, zina desturi moja ambayo ni faraja na hasara kwa wakati mmoja: huweka neno la kigeni upande wa kushoto na kulipangia visawe upande wa kulia, vikitenganishwa kwa mkato. Mkato huo haumwambii mtumiaji lini achague kipi. Basi mfasiri aliyebanwa na muda huchukua kisawe anachokiamini zaidi, na katika matini za sheria kisawe hicho karibu kila mara ni "haki".

Neno "haki" ni tajiri mno, na utajiri huo ndio unaoleta tatizo. Asili yake ni Kiarabu "ḥaqq", ambayo inakusanya ukweli, stahili na wajibu. Mtu anapoapa "haki ya Mungu" anaita ukweli. Anaposema "nipe haki yangu" anadai stahili. Tunaposema "mahakama imetenda haki" tunazungumzia utoaji wa hukumu iliyo sawa. Ndiyo maana tunalazimika kusema "haki ya kupata haki", fungu ambalo kila mwanasheria wa Kiswahili amewahi kulitamka na kulionea haya kidogo. Ukiongeza sasa mzigo wa "fair" juu ya hiyo mitatu, neno linaanza kupasuka.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka katika falsafa. Mwaka 1958 John Rawls alichapisha makala ambayo hoja yake ilikuwa kwamba haki ya jamii, yaani "justice", ieleweke kama "fairness": kanuni ambazo watu huru wangezikubali iwapo hakuna anayejua mapema atasimama upande upi. Wazo hilo likawa msingi wa kitabu chake kikubwa cha 1971. Mfasiri wa Kiswahili anayefuata kamusi ataandika "haki kama haki", na hoja nzima ya Rawls itakuwa imezama pale kwenye jina. Wajerumani waliliacha neno la Kiingereza lilivyo na kuandika "Gerechtigkeit als Fairness". Wafaransa walichagua "équité". Kila mmoja aliona kwamba neno la pili haliwezi kuwa sawa na la kwanza.

Uchaguzi wa Wafaransa una matokeo katika kanda yetu. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, katika kifungu cha 10, linatumia "fair" kwa Kiingereza na "équitablement" kwa Kifaransa, neno linalotokana na Kilatini "aequus", yaani bapa, sawasawa. Mfasiri wa Bujumbura au Bukavu anayeanzia matini ya Kifaransa anavutwa na mzizi huo kuelekea "usawa". Mwenzake wa Nairobi au Kampala anayeanzia Kiingereza anaelekea "haki". Wote wawili wametafsiri kifungu kimoja cha tamko moja. Mkutano wa kuoanisha istilahi unaokutana bila kulitambua jambo hili utadhani unabishana kuhusu Kiswahili, kumbe unabishana kuhusu lugha chanzi.

Anna Wierzbicka, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu Kiingereza na utamaduni wake, anadai kwamba "fair" ni neno la kipekee la Waingereza na warithi wao, na kwamba lugha nyingi hazina kisawe chake. Ushahidi wake wa kileksika ni mzito. Ninachotilia shaka ni hatua ambayo msomaji mvivu anaweza kuichukua baada ya hapo: kwamba asiye na neno hana wazo. Kila mzazi wa Kiswahili amesikia mtoto akilia kwamba mwenzake amepewa kipande kikubwa zaidi. Mtoto huyo hasemi "si haki" mara nyingi kama tunavyodhani. Anasema "unanionea".

4. Uwanjani

Kabla ya kurudi kwenye kilio hicho, ni vyema kupita uwanja wa mpira, kwa sababu huko wasemaji wa kawaida walilitatua tatizo letu bila kamati. Kiswahili kilikopa "faulo" kutoka "foul", na "rafu" kutoka "rough". Watangazaji wakaongeza "madhambi", neno lenye harufu ya msikiti, kwa kosa la kumkwatua mchezaji. Makosa, kwa hiyo, yana majina matatu. Lakini "fair" yenyewe haikukopwa. Fungu "fair play", ambalo Kiingereza kimekuwa nalo tangu zama za Shakespeare, lilipewa jina la ndani: mchezo wa kiungwana.

Tafsiri hiyo ni nzuri, na ina kovu. Mwungwana katika jamii ya pwani alikuwa mtu huru, kinyume cha mtumwa. Uungwana ulikuwa hadhi kabla ya kuwa tabia. Lahaja ya Kiswahili iliyoenea mashariki mwa Kongo iliitwa Kingwana kutokana na waungwana hao, watu wa misafara ya karne ya 19. Kwamba neno la tabaka liligeuka kuwa neno la adabu ambayo hata mtoto wa hamali anaweza kuwa nayo ni ushindi mdogo wa jamii juu ya historia yake. Kiingereza nacho kilipita njia ya jirani: mchezo ulio "fair" ulikuwa kwa muda mrefu sifa ya mabwana wenye shule na viwanja. Aliyetafsiri hivyo mara ya kwanza, yeyote yule, alisikia zaidi ya alichosoma.

Hata hivyo "kiungwana" halifai katika ibara ya 42. Ofisa wa utawala haombwi awe muungwana. Anaamrishwa.

5. Kuanzia kwenye ubaya

Hapa ndipo kilio cha mtoto kinapokuwa na faida. Kiswahili kina msamiati mpana wa vitenzi vya kutaja kile ambacho "fair" inakikataa. Kuonea ni kumtumilia mtu nguvu au nafasi yako kwa kuwa hawezi kujibu. Kupendelea ni kumpa mmoja kile ambacho mwenzake mwenye sifa zilezile amenyimwa. Kupunja ni kupunguza katika kugawa au kupima. Kudhulumu ni kumnyang'anya mtu kilicho chake. Vitenzi hivi havibadilishani kiholela. Mnunuzi wa kahawa anayechezea mizani anampunja mkulima. Haisemwi kwamba anampendelea. Hakimu anayemsikiliza upande mmoja saa mbili na mwingine dakika kumi amependelea, hata kama hukumu yake ilikuwa sahihi.

Pendekezo langu ni kwamba mfasiri, anapokutana na "fair", asiulize kisawe chake ni nini. Aulize: neno hili limewekwa hapa kumkinga nani na kitendo gani? Jibu litampa kitenzi, na kitenzi kitampa tafsiri. Njia hii haiendi kinyume na historia ya neno. Kama tulivyoona, Kiingereza chenyewe kililijenga kwa kulisimamisha mbele ya "foul".

Waandishi wa Katiba ya Kenya ya 2010 walifanya jambo linalofanana na hili kwa Kiingereza. Ibara ya 81, baada ya kutaja uchaguzi ulio "free and fair", haikuishia hapo. Iliendelea kueleza: kura ya siri, kutokuwepo kwa vurugu, vitisho, ushawishi usiofaa au ufisadi, chombo huru, uwazi, na usimamizi usioegemea upande. Sehemu ya orodha hiyo ni majina ya maovu. Umuhimu wake ulionekana tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilipobatilisha uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti. Majaji walio wengi hawakutangaza nani hasa alikuwa na kura nyingi. Walisema kwamba mwenendo wa uchaguzi, hasa upelekaji wa matokeo, haukufuata katiba na sheria, na kwamba dosari hizo ziligusa uadilifu wa zoezi lote. Katika mijadala ya Kiswahili ya wakati ule, "haki" ilivutwa kila upande: kwa wengine ilikuwa ukweli wa hesabu, kwa wengine stahili ya mgombea wao. Maana ambayo mahakama ilitumia, yaani usafi wa njia, ndiyo iliyopata shida zaidi kusikika kupitia neno hilo.

Sishauri kwamba "uchaguzi huru na wa haki" ufutwe. Fungu hilo limeshakaa vinywani, na mfasiri anayeliondoa atakuwa anapigana na mto. Lakini linapoingia katika mwongozo wa wasimamizi au wa waangalizi, litakuwa na maana zaidi likifuatwa mara moja na maovu yaliyotajwa kwa majina yake ya Kiswahili.

Katika biashara hali ni rahisi zaidi. Kahawa ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera imeuzwa kwa miaka mingi kupitia mfumo wa Fairtrade, ambao humwekea mkulima bei isiyoshuka chini ya kiwango fulani na nyongeza kwa ajili ya maendeleo ya jumuiya. "Biashara ya haki" ni tafsiri inayopita, ila inamfanya mkulima afikirie mahakama. Kinachozuiwa pale ni kupunjwa, na mkulima yeyote wa kahawa anakielewa kitenzi hicho kabla hujamaliza kukitamka.

Kuna pingamizi ambalo wanasheria wamenitolea, nami nalichukulia kwa uzito. Neno "fair", wanasema, limeachwa wazi kwa makusudi ili jaji alijaze kulingana na kesi iliyo mbele yake. Mfasiri akiorodhesha maovu, mlango unafungwa: ubaya ambao haukutajwa utadaiwa kuwa umeruhusiwa. Hatari hiyo ipo kweli pale ambapo orodha inachukua nafasi ya kanuni. Lakini "uonevu" si orodha. Ni neno lililo wazi kama "fair" lilivyo, na jaji anaweza kulijaza vilevile. Kinachobadilika ni mahali pa kuanzia kulijaza: anaanzia kwa aliyeumizwa. Wapo pia wanaotetea neno "insafu", ambalo Kiarabu chake, "inṣāf", kinatokana na mzizi uleule uliotupa "nusu", na kwa hiyo lina picha ya kugawa katikati. Ni neno zuri, na lingemfaa Rawls kuliko "haki": "haki kama insafu" ni jina ambalo mwanafalsafa wa Kiswahili anaweza kulitetea. Kwa bango la ofisi ya wilaya huko Gulu au Ngozi, ambako wengi hawajawahi kulisikia, silitetei.

Nilirudi darasani na ibara ya 42 muhula uliofuata. Safari hii niliwataka wanafunzi waandike kwanza, bila kufikiria Kiingereza, mambo ambayo ofisa anaweza kumtendea mama aliyekuja kufuatilia hati ya kiwanja. Walijaza ubao: kumzungusha, kumdai chochote, kumpitisha nyuma mtu aliyekuja baada yake, kumkaripia, kumnyima sababu ya kukataliwa. Baada ya hapo tafsiri ilikuja kwa urahisi usio wa kawaida, na ambayo darasa liliikubali ilikuwa "kutendewa kwa haki, bila uonevu wala upendeleo". Yule wa "kwa kiasi" aliuliza kama kumzungusha mtu ni uonevu au ni upendeleo. Tulibishana hadi kipindi kilipokwisha.